Taa ya Tatu

Boksi la zamani la fyuzi halikujua kuhesabu watu, ndiyo maana Sikudhani alilipenda. Hili jipya, linalofungwa sasa kwenye kila ghorofa kongwe, huwasha taa moja kwa kila moyo unaodunda ndani ya nyumba.

Fundi akapandisha swichi. Zikawaka taa tatu.

Sikudhani alijikaza asilitazame kabati alimojificha mdogo wake, asiye na kibali cha kuishi mjini.

“Wewe, mimi, na mwenzangu Kombo yuko sebuleni,” fundi alihesabu. “Safi, dada.”

Sikudhani akashusha pumzi.

Mara sauti ya Kombo ikapanda kutoka chini barabarani: “Fundi! Nirushie ufunguo wa gari!”

Fundi akazigeukia tena zile taa. Zote tatu zilikuwa bado zinawaka.