Mbeleko ya Kabula

Siku hizo mtoto akitimiza miaka saba alipelekwa zahanati kubadilishwa seli, ili ashibe jua badala ya ugali. Kabula alirudi kijani kibichi, na mama yake, Nyanzobe, akashukuru kwamba mwanawe hatalala njaa tena.

Asubuhi alimkuta uani, amesimama akilielekea jua. Mtoto wa miaka saba habebwi, lakini huyu alikuwa kitinda mimba. Nyanzobe akatwaa mbeleko, akainama, akamvuta mgongoni. Kabula hakukunjika. Alikakamaa kama mpini wa jembe.

"Ni kuta, Mama," alisema kwa upole. "Mwalimu katufundisha. Seli ya bakteria ina ukuta, haina kiini. Ya mnyama, kama yako, ina kiini, haina ukuta, ndiyo maana wewe ni laini. Ya mmea ina vyote viwili."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi sasa nina kuta, Mama. Kila mahali."

Mbeleko ikaanguka. Nyanzobe akamkumbatia hivyo hivyo alivyosimama, akamlilia begani.

"Mama, sogea kidogo," Kabula alinong'ona. "Machozi yako yana chumvi. Yananinyausha."