Mafuta ya Karafuu

Pale uwanja wa shabaha, risasi ya rafiki yangu Gitonga ilikataa tena kulipuka. Akaitoa, akanionyesha: pini ya bunduki yake ilikuwa imeigusa nyuma kidogo tu, kakovu hafifu, kana kwamba iliiogopa.

Nilifurahi, sifichi. Bunduki hiyo alitengenezewa na fundi kwa kipimo cha bega lake, na tangu ije, hata mke wangu haachi kuisifu.

"Leta nione, buda."

Nikafungua boliti, kile chuma kinachobeba pini na springi yake. Springi ilikuwa imelowa mafuta mazito, yamegandishwa na baridi ya asubuhi. Ndiyo maana pini ilikosa nguvu.

Nikayanusa kidoleni. Nyonyo na karafuu. Mke wangu huyachanganya mwenyewe jikoni kwetu, mtaa wa Toongabbie, ya nywele zake. Hauzi, wala hampi mtu.

"Ulipaka mafuta gani?"

"Sijui hata. Nilipata kachupa bafuni kwangu."

Gitonga anaishi peke yake.

Nikachukua kitambaa, nikafuta springi na pini polepole mpaka zikakauka kabisa. Nikarudisha boliti mahali pake.

"Umeona shida?" akauliza, akinyoosha mkono.

"Nimeiona. Sasa italia."

Lakini sikumrudishia.