Gunia Chini ya Kayaba

Obuya alipiga magoti akaziba tundu la mwisho la ua wa kayaba kwa seng'enge. Tundu hilo alilitoboa mwenyewe, miaka ile alipokuwa akiingia mtaa wa Woodley kama panya, gunia begani, kabla askari wa nyumba hawajaamka. Leo alikuwa na reflekta ya kampuni mwilini na beji kifuani, na alikuwa akiliziba.

"Sasa hata paka hapiti," alijiambia.

Kampuni ilipochukua taka za upande huu wa Ngong Road, iliwaita waokota taka wote kwenye mkutano Westlands, ndani ya jengo la vioo. Wakala keki. Wakaambiwa kila mmoja wao ataingizwa kwenye mfumo. Kutoka mtaa wa Kabiria akaingizwa Obuya peke yake, tena kwa majaribio, kwa kuwa ndiye aliyesimama akaeleza wanapitia wapi na wanajificha wapi. Wengine waliambiwa wasubiri simu. Wanasubiri mpaka leo. Mapipa nayo yakatiwa kufuli.

Halafu akatokea mwizi.

Huyu hakuwa chokoraa wa kurarua mifuko na kumwaga maganda barabarani. Siku ya taka, mifuko ikishatolewa nje, alifungua mfuko wa bluu, akatoa chupa za plastiki, akajaza nyasi kavu, akaufunga tena vizuri kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni. Mpaka lori lifike kwenye mizani ndipo wajue wamebeba majani.

Ndegwa, supavaiza, hakuwa na maneno mengi. "Obuya, wewe ulikuwa mmoja wao. Niletee huyo mtu, nikuandike kazi ya kudumu. Ukishindwa, rudisha reflekta."

Kurudisha reflekta ni kumtoa binti yake Ivyne shuleni. Hilo ndilo lililomkaa Obuya rohoni. Binti huyu alikulia juu ya mkokoteni wake, katikati ya magunia, tangu mama yake alipoenda Ugenya asirudi tena. Sasa yuko kidato cha pili. Mshahara ulichelewa, na mwezi mwingine haukuja kabisa, lakini Obuya aliona jina la kampuni lina uzito wake. Shule iliacha kumtuma binti nyumbani kwa sababu ya karo. Unga haukukosekana.

"Nyokabi wa duka amenipatia tu," Ivyne alisema. "Anasema baba yangu ni mtu wa kampuni."

Obuya alicheka kwa furaha, akala ugali wake.

Kila asubuhi kabla ya kutoka alipiga rangi buti zake, kisha viatu vya shule vya Ivyne. Jioni vilirudi vinang'aa vile vile, hata siku za mvua, matope ya Kabiria yakifika kwenye vifundo vya miguu. "Huyu msichana wangu anatembea kama malaika," aliwaambia majirani.

Leo hii alikuwa bado anakaza waya wa lile tundu Kihara alipompata. Kihara walibeba gunia pamoja zamani. Siku hizi anachoma mahindi.

"Niaje, serikali."

"Poa. Ukipita hapa nakushika hata wewe."

"Unishike na huu mgongo? Utanibeba mwenyewe." Kihara alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini huyo unamtafuta, achana naye, Obuya."

"Unamjua?"

"Uso sijaona. Nimeona kazi yake." Kihara aliangalia pembeni. "Mikono kama hiyo haijifundishi yenyewe."

"Kama alitaka kazi, si angekuja mkutano?"

"Eh. Mkutano ulikuwa na keki," Kihara alisema, akaenda zake.

Obuya akajibanza nyuma ya tangi la maji. Mtaro alikuwa ameufunga kwa mawe tangu jana. Pengo la ukuta wa kanisa lilikuwa na bati jipya. Kila njia aliyowahi kukimbilia alikuwa ameiua kwa mkono wake. Mbele yake, kando ya geti, mfuko wa bluu ulikaa umejaa chupa safi, kama nyama kwenye mtego.

Jua lilikuwa limeshapanda mtu alipokuja. Koti kubwa la kiume, kofia imeshushwa mpaka machoni. Alifanya kazi haraka, bila kelele, na Obuya moyoni akakubali kwamba ni fundi. Kisha akapiga filimbi ya kampuni.

Mtu yule alikimbilia tundu moja kwa moja, akakuta waya. Akakimbilia mtaro, akakuta mawe. Hakuenda hata kulitazama pengo la kanisa. Aliingia ndani ya kayaba na miiba yake yote, gunia likabaki chini, nusu ndani, nusu nje.

Obuya alitoa simu. "Mkubwa, yuko ndani. Kuja na kanjo."

Pikapu haikukawia. Kanjo wawili, askari wa jiji, walisimama na rungu, mmoja kila upande wa ua. Ndegwa alimpiga Obuya begani. "Umeweza, mzee. Sasa wewe ni wetu."

"Toka huko!" kanjo mmoja alifoka, akachapa matawi kwa rungu.

Ndani ya kayaba kulikuwa na pumzi tu.

"Leta kwanza hiyo gunia," Ndegwa alisema. "Tuone mali yetu."

Obuya aliinama akalivuta. Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, mizunguko miwili, mkia umerudishwa ndani. Vidole vya Obuya vilikwisha kulifungua lile fundo lake la zamani kabla macho hayajalitazama.

Juu ya chupa, ndani ya karatasi safi ya nailoni, palikuwa na viatu vyeusi vya shule, vimepangwa kisigino kwa kisigino. Bado vilinukia ile rangi ya asubuhi.