Orodha ya Mheshimiwa

Mheshimiwa aliinama mbele ya televisheni ya dukani, mikono nyuma, akiukariri ufa wa kwenye kona. Akahamia kwenye saa ya ukutani iliyokosa mshale wa sekunde. Kisha redio iliyofungwa plasta kwenye mpini. Alipofika kwenye cherehani ya mkewe hakusimama hata kidogo, maana hiyo aliijua.

Hakuna aliyempa uheshimiwa. Aligombea uenyekiti wa mtaa mara moja, akapata kura mbili, na mkewe anaapa kwamba kati ya hizo yake haimo. Majirani wakamwita hivyo kwa kumtania, naye akaona jina linamkaa vizuri.

Wezi walivunja dirisha la nyumba yao wiki mbili nyuma, yeye na mkewe walipokuwa wamekwenda msibani. Walichukua cherehani, pasi na suruali moja ya kijivu. Pasi na suruali zilisameheka. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote wawili tangu Mheshimiwa alipoacha ukarani, kwa kuwa hakupenda kuagizwa na watu wadogo. Mkewe alikuwa amepokea kazi ya sare arobaini za shule. Vitambaa alishavikata, viko mezani, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Asipozimaliza, mwalimu mkuu atawapa kazi mafundi wengine na hatarudi tena.

Mteja mmoja wa mkewe ndiye aliyeiona cherehani kwenye duka la rehani nyuma ya soko. Mke alitaka waende polisi saa ileile. Mheshimiwa akamwambia haraka haraka haina baraka, yeye atatangulia dukani kupeleleza.

Upelelezi wenyewe ndio huo. Alizunguka rafu saa nzima, akarudi nyumbani, akajifungia chumbani na kuandika orodha ya vitu walivyoibiwa. Vilikuwa kumi na saba.

Mkewe aliisoma akiwa amesimama, kisha akauliza ni lini waliwahi kuwa na televisheni.

"Nani alikuwepo kuhesabu?" Mheshimiwa alisema. "Yule wa duka ananunua mali za watu bila kuuliza. Leo na aonje yeye."

"Mimi nataka cherehani yangu, baba. Hivyo vingine sivijui."

Mheshimiwa alimjibu kwamba ndiyo maana watu wengine hufa mafundi.  Mkewe alichana karatasi kwenye daftari la vipimo, akaandika mstari mmoja wa cherehani tu, akaipeleka kituoni mwenyewe. Mheshimiwa alicheka mpaka akakohoa.

Kituoni, sajini aliisoma orodha ya kurasa tatu taratibu, na kila alipogeuza ukurasa uso wake ulizidi kuchangamka. Alikiri kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kupata mlalamikaji anayevijua vitu vyake namna hii. Wengine huja wakasema redio nyeusi, basi, wakaenda zao. Huyu anaijua mpaka plasta.

"Na vyote hivi vilikuwa ndani kwako siku dirisha lilipovunjwa?" sajini aliuliza.

"Asubuhi ile nilivifuta vumbi mwenyewe, afande, kimoja kimoja."

Sajini akamwomba aliandike na hilo pia. Mheshimiwa aliliandika, akatia sahihi ile aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya uenyekiti, yenye mikia miwili na mstari chini.

Walipokwenda dukani na sajini na mkewe, alijiandaa kwa ugomvi, lakini ugomvi haukuwepo. Mwenye duka aliiangalia orodha, akamwangalia Mheshimiwa kwa muda mrefu, akasema ndiyo, vitu hivyo vililetwa kwa mkupuo mmoja, na aliyevileta alisema amevitoa vyote nyumba moja. Akasaidia kuvipakia kwenye gari la polisi kwa mikono yake. Saa ya ukutani aliifuta kwa shati lake mwenyewe.

Mkewe alimnong'oneza mumewe kwamba mfanyabiashara akikupa kitu bila kukinung'unikia, ujiulize mara mbili.

"Ananiogopa," alisema Mheshimiwa.

Kituoni vitu vilijaza meza mbili. Mke alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akazungusha gurudumu, akainamisha sikio kusikiliza. Ilikuwa nzima. Alilia palepale mbele ya askari bila kuona aibu, kwa furaha na kwa uchovu wa wiki mbili. Sajini akalinganisha na karatasi yake ya mstari mmoja, akamwambia atie sahihi aende akashone. Mke akaita mwenye mkokoteni, akaondoka nayo. Hakumwuliza mumewe kama anakuja.

Mheshimiwa hakujali. Kichwani alishapanga sebule: televisheni itazame mlangoni ili majirani waione wakipita, redio ikae juu yake. Pasi yake na ile suruali ya kijivu zilikuwepo mezani pia, lakini alizisukuma pembeni kwa kiwiko ili apate nafasi ya kuipangusa saa. Kisha akamwuliza sajini kama kituo kinaweza kumsaidia usafiri, kwa sababu mtu wa hadhi yake haongozani na mkokoteni.

"Usafiri upo," sajini alisema, akainuka na kufungua mlango wa chumba cha pili. Ndani walikuwa wamekaa watu sita. "Ila hawa wamefika kabla yako. Wameibiwa mmoja mmoja tangu mwaka jana, na vitu vyao vyote vimo kwenye orodha yako. Hebu waeleze, Mheshimiwa, vilifikaje nyumbani kwako."