Skrini Iliyotulia

Kipimo cha kina kilisoma mita mbili, kikaruka hadi tisini, kisha skrini yote ikajaa chenga kama televisheni isiyo na antena.

Mama aliyeshika usukani alipunguza mwendo hadi boti ikawa inajikokota. Ukungu ulikuwa umewafunika gubigubi. Mbele yao, mahali fulani, palikuwa na miamba iliyozama, na njia ya kupita katikati yake ilikuwa nyembamba. Siku za jua aliipita kwa macho. Leo alitegemea kifaa hiki cha kutafutia samaki, kwa kuwa hupima pia kina cha maji, nacho kimerukwa na akili.

Miguuni pake, binti yake wa miaka sita alikuwa amelala juu ya nyavu. Asubuhi hiyo hakukuwa na wa kumwachia. Amevaa jaketi la kuelea. Lilikuwa moja tu.

"Ee Mungu, usituache," alinong'ona.

"Amina. Ila nishikie na tochi, shemeji," alisema mdogo wa mumewe. Kazi yake ilikuwa fundi simu, na majini alifika mara moja kwa mwaka.

"Hii si simu."

"Ina skrini, ina nyaya, ina betri. Imekosa salio tu."

Siku nyingine angemjibu kwa utani mkali zaidi. Leo aliwasha tochi.

Walianza kuzima vifaa vingine kimoja kimoja, kama alivyomwona mumewe akifanya. Redio: chenga zikabaki. Pampu ya kutolea maji: zikabaki. Akazima injini. Chenga zikapungua, lakini kimya kile kikaleta sauti mbaya zaidi, maji yakipasuka juu ya jiwe, mara kushoto, mara kulia. Mkondo ulikuwa unawasukuma. Akawasha injini upesi, na chenga zikarudi.

"Kelele zinaingilia kwenye waya," alisema fundi. "Niachie mimi. Wewe angalia mbele."

"Mbele gani?"

Fundi aliingiza kichwa nyuma ya skrini, akaanza kupapasa. Mama akakodolea ule weupe, akirudia sala ile ile hadi maneno yakamwishia, akabaki anamwita Mungu kwa jina tu. Jiwe jeusi likatokea ubavuni, karibu kiasi cha kuligusa kwa kasia, kisha ukungu ukalimeza.

Skrini ikazimika. Ikawaka.

Chenga zilikuwa zimekwisha. Picha ilikuwa safi kama siku ile walipoikuta ikiwaka dukani: sakafu ya maji imenyooka, samaki watatu wanene wanapita polepole, na juu, kwa tarakimu kubwa, mita arobaini.

Arobaini. Basi wameshavuka, wako kwenye maji mengi. Machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Mungu akulipe, shemeji. Leo nimekoma kukudharau."

"Hiyo isemee mbele ya kaka, nipate shahidi."

Mama akasukuma mkono wa injini hadi mwisho. Boti ikainua pua, ikaukata ukungu. Mtoto akajigeuza usingizini. Kwenye skrini, samaki watatu wanene wakapita tena polepole.

"Ilikuwa na shida gani?" aliuliza, akipaza sauti kuishinda injini.

"Kuna waya ulikuwa unaingiza zile kelele. Nikauchomoa, nikazima, nikawasha. Ikaniuliza kama nataka picha ya maonyesho, ile ya dukani, nikaikubalia, basi, ikatulia yenyewe."

"Waya upi?"

Fundi akauinua mbele ya macho yake, akitabasamu. Ulikuwa mweusi, mnene, ule unaotoka chini ya boti, kwenye kitambuzi kinachopima maji.

Nyuma ya mkono wake, skrini bado ilisema mita arobaini.