Sare ya Mbio

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Kombo alisimama mbele ya meza ya kujiandikisha, na kwa mara ya tatu Bi Zawena, mwandalizi, akamwambia maneno yale yale.

"Kaka yangu, mbio hizi za kuchangia wodi ya saratani ya matiti ni za wanawake. Wanaume mtashangilia barabarani. Sasa hapo huelewi nini?"

"Dada, nishangilie nini?"

Foleni ya wanawake waliojifunga kanga za sare ikaanza kuguna. Mmoja akamwambia awapishe, jua linapanda. Kombo alikuwa amechoka kubembeleza. Akafungua vifungo vya shati mpaka wakaona upande wa kushoto wa kifua chake: hakuna chuchu, ni kovu tu, kutoka kwapani hadi katikati.

"Wodi mnayoichangia nimelazwa miezi miwili," alisema. "Kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia, maana hata huko waliniambia ni ya wanawake."

Bi Zawena akatazama chini ya meza. Sare zilikuwa zimekwisha. Akaichukua doti yake mwenyewe ya kanga za sare, ambayo ilikuwa bado haijakatwa, akaing'ata pale vipande viwili vinapoungana, akaanza kuichana.