Sinia la Bi Sikudhani

Tawi lilipovunjika, Bi Sikudhani alikaa kitako kabla hata hajafumbua macho.

Ndio hao! Mkulima wa kijiji cha Mloka hahitaji kuambiwa. Mvunjo wa namna ile si wa nyani. Alipapasa mbao alizolalia akitafuta debe lake, asilipate. Akaulaani usingizi. Msimu uliopita alisinzia hivihivi juu ya dungu, akilinda shamba, na alipozinduka tembo walikuwa wamemaliza mpunga wote, wamebakisha nyayo. Mwaka mzima nyumba yake ilikula unga wa kuomba. Aliapa kwamba hawataonja tena hata punje, labda wapite juu ya maiti yake.

Alichungulia, baridi ikimtetemesha. Jua ndio kwanza lilikuwa linachomoza, ukungu umetanda bondeni, na chini yake majani mabichi mororo yakipepea. Mbega walirukaruka mitini bila haya. Kisha kwenye mianzi likatokeza sikio, ukafuata mkonga, halafu kundi zima, pamoja na mtoto aliyejikwaa kwenye miguu ya mama yake. Walikuja taratibu kama waalikwa wa harusi.

"Leo mtanitambua!"

Binti yake, Shamsia, alimvuta kanga. "Mama, kaa. Mama, nakuomba!"

Watoto wa siku hizi, huruma tupu! Bi Sikudhani aliukung'uta mkono wake. Debe hakuna, basi hata sinia la chai litafaa. Alilinyakua, vikombe vikaruka huko, akalibamiza kwenye nguzo kwa nguvu zake zote.

"Haooo! Tokeni! Rudini kwenu, mashetani nyie! Rudini kwenu!"

Tembo aliyetangulia alisimama, masikio ameyatanua. Akageuka, na kundi zima likamfuata mbio huku miti ikilia. Hata mbega walitoweka. Bonde likawa kimya.

Moyo wa Bi Sikudhani ulijaa furaha. Hakuna shina lililoguswa! Aligeuka ili ajisifu kidogo.

Nyuma yake wageni waliopanda mlima jana pamoja naye na Shamsia ili kuwaona tembo walikuwa wameshusha kamera zao, midomo wazi. Miraji, askari wa hifadhi, bado alikuwa ameweka kidole mdomoni kuwaomba watulie. Alikishusha polepole.

"Mama," alisema kwa upole, "huku Udzungwa ndiko kwao."